Majaribio ya Mfumo ni Mali ya Umma

Nimesoma nyaraka nyingi za zabuni za mifumo ya TEHAMA. Huuliza mafunzo yatachukua siku ngapi na (hili halikosekani) uzinduzi utafanyika wapi. Majaribio ya msimbo hayatajwi.

Si kwamba zana hazipo. JUnit, ambayo Kent Beck na Erich Gamma waliianzisha mwaka 1997 wakiwa safarini ndani ya ndege, ni programu huria. Spock, iliyojengwa juu ya lugha ya Groovy, inakwenda mbali zaidi: jina la jaribio huweza kuwa sentensi kamili, katika lugha yoyote. Hakuna kinachomzuia mwandishi wa programu aliyeko Dodoma kuandika: "Mtumishi wa kundi hili akistaafu na miaka 60 analipwa mkupuo wa asilimia 40." Chini yake hufuata hali, tendo na tokeo linalotarajiwa. Ofisa utumishi asiyejua hata mstari mmoja wa Java ataisoma sentensi hiyo na kusema: hapana, kanuni haisemi hivyo.

Hapo ndipo siasa inapoanza. Kikokotoo cha mafao kiliweka mkupuo wa asilimia 33 mwaka 2022. Mwaka 2024 kikapandishwa hadi 40 kwa baadhi ya watumishi. Kila badiliko la namna hiyo hupitia mikononi mwa mtu anayeandika msimbo. Pasipo jaribio, mstaafu mwenyewe hugeuzwa jaribio: kosa huligundua benki, kisha huanza kubeba faili ofisi hadi ofisi.

Wakubwa hunijibu kwamba cha bure hakina mwenyewe. Mwaka 2015 kampuni ya Pivotal iliacha kuigharimia Groovy. Lugha haikufa, mwaka huohuo ilihamia Apache Software Foundation, kwa kuwa leseni yake iliwaruhusu wengine kuiendeleza. Mzabuni wa mfumo uliofungwa akiondoka, huondoka na funguo. Sasa mwenyewe ni nani hapo?

Nasi wahadhiri tusijifiche. Tunagawa alama kwa programu iliyofunguka siku ya maonesho, kisha tunashangaa wahitimu wetu wakiuza maonesho serikalini.

Kwa mkataba wowote unaolipwa kwa kodi, malipo ya mwisho yasitoke mpaka majaribio yakabidhiwe, yakiwa kwa Kiswahili, na yaendeshwe na watumishi wetu kwenye mashine zetu.