Halisi ya Mwaka Gani?

Wapenzi wa gitaa la klasiki wana ugonjwa mmoja, na nitausema bila kumumunya maneno: wanaabudu makaburi. Waonyeshe gitaa lililojengwa kwa fito zinazopishana ndani, uone wanavyokunja uso. Eti si gitaa halisi. Eti linalia kama banjo. Eti Wahispania hawakujenga hivyo.

Haya, hebu tulifungue lenyewe. Nyuzi za gitaa zina nguvu kidogo sana. Kinachoigeuza nguvu hiyo kuwa sauti ya kujaza ukumbi ni ubao wa mbele, na ubao mwepesi hutikisika kwa urahisi kuliko mzito. Shida ni kwamba ukipunguza unene wake kwa nusu, ukakamavu wake unabaki sehemu moja kwa nane. Kaza nyuzi uone unavyobonyea. Mafundi wa zamani waliuzuia kwa vijiti vilivyotandazwa kama upepeo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Greg Smallman wa Australia alikuja na jibu lingine: ubao wa mwerezi mwembamba ajabu, na chini yake fito za balsa zinazopishana kama za nyumba ya udongo, zikiimarishwa kwa nyuzinyuzi za kaboni. Mgongo na mbavu akavifanya vizito, visitikisike, ili nguvu isipotelee tumboni mwa mpigaji. Angalia spika ya matatu: kabati ni zito, kinachocheza ni karatasi. Mantiki ni ile ile. John Williams, mzaliwa wa Melbourne, alilishika gitaa hilo mwaka 1981 na kulipeleka kwenye kumbi kubwa za dunia.

Sasa tumwite huyo Mhispania wanayemtaja kila saa, Antonio de Torres. Ndiye aliyepanua umbo la gitaa katika karne ya 19 na kukamilisha mpangilio ule wa upepeo. Na mwaka 1862 alijenga gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, kuonyesha kwamba sauti inatoka kwenye ubao wa mbele. Karatasi, jamani! Lipo hadi leo Barcelona, kwenye makumbusho ya muziki. Mtu wa aina hiyo mnataka kuniambia angeikimbia kaboni?

Na nyuzi je? Hadi miaka ya 1940, gitaa la klasiki lilifungwa nyuzi za utumbo wa mnyama. Vita vikafanya utumbo uadimike, Albert Augustine wa New York akajaribu nailoni, Andrés Segovia akaipokea. Leo mlinzi wa mila anapiga plastiki na kuiita asili. Nyatiti nayo iliacha kano za ng'ombe ikachukua nailoni ya wavuvi, na bado ni nyatiti.

Kinachoniudhi zaidi ni gharama ya hiyo "halisi" yao. Inadai mgongo wa mbao za Brazil, za mti wa jamii moja na mpingo wetu. Mti huo ulikatwa hadi biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku mwaka 1992. Mwaka 2017 jamii nzima ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, ikawekwa chini ya udhibiti. Hata baadhi ya mafundi wa fito hupamba mgongo kwa utando mwembamba wa mbao hizo. Sawa, lakini tuuite kwa jina lake: urembo. Torres alishatuonyesha kwamba hata karatasi inaweza kubeba sauti. Bado kuna mtu anataka msitu uanguke ili gitaa lake lipendeze machoni.

Hoja moja nawakubalia. Gitaa la fito zinazopishana likijengwa ovyo linakuwa na kelele tu: sauti kubwa, rangi hakuna. Lakini hilo ni kosa la mkono wa fundi. Magitaa ya upepeo yaliyojengwa ovyo pia yamejaa tele, na hakuna anayeyafukuza kwenye ukoo.

Kwa hiyo wewe unayejifunza gitaa leo, usitishwe. Lisikilize kwanza. Ukiona halikufai, liache, ni haki yako. Ila mtu akikwambia hilo si gitaa halisi, muulize swali moja tu: halisi ya mwaka gani?