Chanjo Ilipozinyamazisha Silaha Gaza

Tarehe 1 Septemba 2024, vita vikiwa vimekaribia kutimiza mwaka mmoja, wahudumu wa afya zaidi ya 2,000 walianza kuwapa watoto wa Ukanda wa Gaza matone ya chanjo ya polio. Israel na Hamas walikuwa wamekubali mapigano yasimame kwa saa kadhaa kila siku, kanda baada ya kanda. Katika muda usiofika wiki mbili, watoto wapatao 559,000 wenye umri wa chini ya miaka kumi walikuwa wamechanjwa. Kwa maoni yangu, tukio hilo lina funzo zito kwa taaluma yetu, na hatujalitafakari vya kutosha.

Gaza ilikuwa imekaa miaka 25 bila mgonjwa wa polio. Kabla ya vita, karibu watoto wote walikuwa wakichanjwa. Vita vilipovuruga kliniki, ugavi wa maji na mitambo ya majitaka, kinga ya jamii ilipungua. Sampuli za majitaka zilizochukuliwa Juni 2024 huko Khan Younis na Deir al-Balah zilikutwa na virusi vya polio vya aina ya pili, na Agosti ikathibitika kwamba mtoto wa miezi kumi ambaye hakuwa amechanjwa amepooza. Virusi hivyo vilitokana na vile vilivyodhoofishwa ambavyo hutumika katika chanjo ya matone. Hilo lisimtie mzazi hofu. Virusi vya chanjo hugeuka kuwa hatari pale vinapozunguka kwa muda mrefu miongoni mwa watu wengi wasio na kinga, na dawa yake ni kuwachanja watoto wote. Kwa kuwa wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili, mtoto mmoja aliyepooza huashiria mamia waliokwisha kuambukizwa.

Israel inaufahamu ugonjwa huu. Mwaka 2013 virusi vya polio viligunduliwa katika majitaka ya kusini mwa nchi hiyo, na mamia ya maelfu ya watoto wakapewa matone ingawa hakuna aliyekuwa amepooza. Mwaka 2022 mtoto ambaye hakuwa amechanjwa alipooza mjini Jerusalem. Kirusi hakiulizi mtu ni Mwisraeli au Mpalestina, na uzio wa mpakani haukizuii.

Wapo wanaosema kwamba silaha zilinyamaza kwa sababu kila upande ulihofia usalama wake, si kwa huruma. Huenda ni kweli, na hapo ndipo penye hoja yangu. Polio ilisubiriwa kwa sababu huambukiza. Mgonjwa wa figo anayehitaji kusafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa wiki hamwambukizi mtu yeyote. Muda wake wa matibabu ulipopunguzwa kwa kukosa mafuta ya jenereta, hakuna aliyesimamisha vita kwa ajili yake. Watoto njiti 31 waliohamishwa kutoka hospitali ya al-Shifa tarehe 19 Novemba 2023 hawakuwa tishio kwa jeshi lolote. Waliondolewa baada ya umeme kukatika na wenzao kadhaa kufariki. Ikiwa mgonjwa hulindwa pale tu ugonjwa wake unapowatisha wengine, basi tumekwisha kuacha misingi ya tiba.

Misingi hiyo imeandikwa pia katika sheria. Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949 unakataza kuzishambulia hospitali za kiraia. Hospitali hupoteza ulinzi huo iwapo tu inatumika kumdhuru adui nje ya kazi zake za kibinadamu, na hata hapo ni lazima onyo litolewe kwanza. Israel imedai mara nyingi kwamba Hamas hujificha chini ya hospitali. Madaktari wa Gaza wamekanusha. Madai hayo yachunguzwe na vyombo huru. Wakati uchunguzi ukiendelea, mgonjwa aliye kitandani habadiliki kuwa mpiganaji.

Kipimo hicho hicho kiwahusu mateka. Miongoni mwa watu takribani 250 waliotekwa tarehe 7 Oktoba 2023, siku ambayo watu wapatao 1,200 waliuawa nchini Israel, walikuwamo wazee wenye maradhi sugu. Shirika la Msalaba Mwekundu halikuruhusiwa kuwatembelea. Ilibidi Qatar na Ufaransa zisimamie makubaliano, Januari 2024, ili dawa ziwafikie pamoja na dawa nyingine kwa raia wa Gaza. Mgonjwa wa moyo aliyefungiwa kwenye handaki na mgonjwa wa moyo aliye hemani wana haki moja.

Vita hivi vinatugusa hata sisi. Vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa wakijifunza kilimo nchini Israel waliuawa siku ile ya Oktoba. Wapalestina zaidi ya 60,000 walikuwa wameuawa kufikia mwisho wa Julai 2025, kwa hesabu ya Wizara ya Afya ya Gaza. Katika wodi zetu na katika foleni za wagonjwa, mjadala mara nyingi hufuata dini ya msemaji. Kila mtu ana haki ya msimamo wake wa kisiasa. Hata hivyo, mhudumu wa afya anayelilia hospitali za upande mmoja na kunyamazia wagonjwa wa upande wa pili ameipunguza sauti yake mwenyewe.

Duru ya pili ya chanjo, Oktoba 2024, iliahirishwa kaskazini mwa Gaza kwa sababu ya mashambulizi, na maelfu ya watoto hawakufikiwa. Duru nyingine ikafanyika Februari 2025, wakati wa usitishaji mapigano. Kwa hiyo tunajua kwamba makubaliano ya namna hii huwezekana, na kwamba yanaweza kuvunjika. Vyama vyetu vya kitaaluma vidai kwa sauti moja kwamba njia iliyofunguliwa kwa matone ya polio ifunguliwe pia kwa dawa za saratani, insulini, mafuta ya jenereta na wagonjwa wanaosubiri kusafirishwa.