Magurudumu Manne Hayasimamishi Gari

Kisiwa cha Remba hakina barabara ya gari. Ni kipande kidogo cha mwamba katika Ziwa Victoria, kilichofunikwa na mabanda ya mabati yaliyobanana, ambamo Wakenya, Waganda na Watanzania huishi bega kwa bega wakisaka mbuta na omena. Theluji hatuijui. Barafu tuijuayo ni ile iletwayo kwa mashua ili samaki wasioze kabla ya kufika sokoni. Basi huenda msomaji akashangaa kuona mtu wa Remba anashika kalamu kuandika juu ya matairi na theluji ya milimani. Asishangae. Watoto wa kisiwa hiki na wa ufuo mzima, tangu Mbita hadi Muhuru, wametawanyika duniani, na yanayowapata huko hutufikia huku. Mara nyingine hutufikia yakiwa ndani ya jeneza.

Mpwa wangu ni dereva mjini Denver, katika jimbo la Colorado nchini Marekani. Kazi yake ni kuwachukua wageni kutoka uwanja wa ndege na kuwapeleka katika miji ya milimani wanakokwenda kuteleza juu ya theluji. Gari alilokabidhiwa na mwajiri wake ni kubwa, la fahari, na huendeshwa kwa magurudumu yote manne. Lakini matairi yake ni yale yaitwayo ya misimu yote. Alipoomba matairi ya theluji, aliambiwa kwamba hayahitajiki, kwa kuwa gari lina nguvu na sheria haijavunjwa. Akaniuliza kwa simu: "Mjomba, nikikataa safari siku ya theluji nzito, nitaonekana mvivu?" Nilimjibu akatae. Sababu za jibu hilo naziweka hapa kwa faida ya wengi, maana naamini kosa analotendewa kijana huyu ni kosa linalotendwa pia na sisi wenyewe, tena mchana kweupe.

Jambo la kwanza lifaalo kueleweka ni kwamba kuendesha magurudumu yote manne ni njia ya kugawa nguvu za injini. Nguvu hizo humsaidia dereva kuondoka aliposimama na kupanda mlima. Hapo sifa zake ni za haki. Lakini nguvu ya kwenda si nguvu ya kusimama. Kila gari, hata lile dogo lenye kusukumwa na magurudumu mawili tu, lina breki katika magurudumu yote manne. Kwa hiyo wakati wa kusimama gari la fahari halina lolote la ziada kuliko gari la maskini. Kinachoamua ni tairi, na sehemu ya tairi inayogusa barabara haizidi sana kiganja cha mkono. Viganja vinne vya mpira ndivyo vilivyobeba abiria, mizigo yao na matumaini ya waliowaacha nyumbani.

Tupige hesabu. Gari likienda kilomita 50 kwa saa juu ya lami kavu, huhitaji kiasi cha mita 14 kusimama baada ya breki kushika. Juu ya theluji iliyoshindiliwa, kwa tairi lisiloshika vizuri, huhitaji takriban mita 50. Juu ya barafu tupu huweza kufika mita 100. Nazo ni hesabu za mahali tambarare. Barabara kuu namba 70, anayopita mpwa wangu, hupanda hadi kwenye handaki la Eisenhower, lililo kiasi cha mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, yaani mara tatu ya kimo cha uso wa ziwa letu. Kisha huteremka kwa ukali. Katika mteremko wa mita 6 kwa kila mita 100, zile mita 50 za theluji hugeuka 70. Wala mtu asidhani kuwa uzito wa gari utamwokoa. Uzito huikandamiza tairi chini, ni kweli, lakini uzito huohuo ndio unaolisukuma gari mbele. Faida moja huliwa na hasara ya pili.

Je, tairi la misimu yote lina kasoro gani? Jina lake ndilo kasoro ya kwanza, kwa kuwa linaahidi mengi. Mpira wake umechanganywa ili ustahimili joto la kiangazi, na baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi huanza kukakamaa na kupoteza mshiko. Tairi la theluji hutengenezwa kwa mpira unaobaki laini katika baridi, tena uso wake umejaa mikato myembamba inayoing'ata theluji. Alama ya "M+S" iliyo ubavuni mwa matairi mengi, yenye maana ya tope na theluji, hutokana na umbo la mifereji ya tairi, wala haikulazimu tairi kujaribiwa thelujini. Ndiyo maana mnamo 1999 ilianzishwa Amerika ya Kaskazini alama nyingine, ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, kwa matairi yaliyofaulu jaribio. Ujerumani, ambayo zamani iliikubali "M+S" kwa safari za majira ya baridi, tangu Oktoba 2024 inataka alama hiyo ya mlima. Nalo jimbo la Quebec nchini Kanada huwalazimisha wenye magari kuwa na matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi.

Mwajiri wa mpwa wangu atasema kuwa Colorado si Quebec. Kweli. Sheria ya jimbo hilo, kwa barabara hiyo ya milimani, hulikubali gari la abiria lenye kuendeshwa kwa magurudumu yote, mradi matairi yake yawe na kina cha kiasi cha milimita 5. Lakini sheria ni sakafu, si dari. Sheria husema ni kipi ukikosa utatozwa faini. Haisemi ni kipi kitakachokusimamisha mbele ya lori lililokwama njiani. Mtu anayejificha nyuma ya sheria huku akiwabeba watu wengine ametimiza nusu ya wajibu wake.

Wapo pia wasemao kwamba dereva mzuri hushinda tairi baya. Sikatai kwamba mwendo wa pole na nafasi kubwa baina ya magari ni ngao. Katika mji tambarare, ambako theluji ni haba na barabara husafishwa mapema, dereva mwangalifu aweza kumaliza msimu salama kwa matairi ya misimu yote. Lakini tunazungumzia theluji nzito, na mlima. Nahodha hodari wa Remba hujua kusoma upepo, naye akiona wingu la dhoruba upande wa Uganda haisifii injini yake, hubaki ufuoni. Injini ya nguvu za farasi 40 humfikisha mapema, lakini si jaketi la kujiokolea. Ustadi wa dereva huifikia barabara kwa kupitia tairi tu. Tairi likikataa, amri ya dereva haina mtekelezaji.

Nimesema kosa hili ni letu pia. Magari mengi tununuayo hapa Kenya huletwa yakiwa yametumika huko Japani, na baadhi yake hufika yakiwa bado na matairi ya theluji, yenye neno "STUDLESS" ubavuni. Mnunuzi huona meno marefu ya tairi, akafurahi kwamba amepata matairi mapya. Hajui kwamba mpira ule laini uliumbwa kwa barabara za Hokkaido. Juu ya lami ya Migori saa nane mchana hulainika kupita kiasi, huisha upesi, na hurefusha safari ya gari kabla ya kusimama. Tazama kinyume kilivyo: kule kijana wetu anapewa tairi la joto aende baridini, na huku tunavalishwa tairi la baridi twende juani. Asili ya makosa haya mawili ni moja, nayo ni kulitazama gari kwa urefu wake na kung'aa kwake, tusiiname kutazama kinachogusa ardhi.

Hata tope letu linafundisha somo hilohilo. Katika bonde la Lambwe, udongo mweusi ukilowa mvua huijaza mifereji ya tairi hadi tairi lote likawa kipara. Gari la magurudumu manne likishafika hapo, magurudumu yote manne huzunguka pamoja, na dereva hukwama mbali zaidi kuliko angekwama mwenye gari dogo.

Najua hoja ya fedha. Seti ya pili ya matairi si bei ya sukari. Hata hivyo, seti moja ikitumika nyingine imepumzika, hivyo kila moja huishi miaka zaidi. Gharama yenyewe hailingani na ile tunayoifahamu sana. Nimeketi zaidi ya mara moja katika mikutano ya kuchanga fedha za kurudisha maiti kutoka ng'ambo. Wavuvi hutoa mapato ya usiku mzima, akina mama wauza omena hufungua vitambaa vyao, na hakuna anayelalamika. Tumekuwa wepesi wa kuchangia jeneza. Sijaona bado mkutano mmoja wa kuchangia matairi.

Kwa hiyo nawasihi wazazi wenzangu. Kijana akituma picha ya gari kubwa alilonunua ughaibuni, tusiishie kupiga vigelegele. Tumwombe pia picha ya ubavu wa tairi. Anunuaye gari hapa nyumbani na asome neno lililoandikwa pale, pamoja na zile tarakimu nne za mwisho zinazotaja juma na mwaka wa kutengenezwa. Na waajiri, wa huku na wa kule, wafahamu kwamba dereva anayekataa kuondoka na matairi yasiyofaa si mvivu. Anawalinda abiria ambao wao wenyewe walipaswa kuwalinda.

Mpwa wangu alikataa safari moja mwezi ule, akakatwa ujira wa siku hiyo. Ujira wa siku hulipika. Dada yangu, mama yake, amesema atamtumia fedha za kuufidia, hata kama ni za omena.