Yuniti 7 zinatosha, usijiongezee mzigo

Kila barua za KUCCPS zikitoka, inboksi yangu inajaa swali lile lile, kutoka Garsen, Ngao, Minjila, hapa kwetu Kulesa, mpaka Malindi. "Bro, nimeitwa Sayansi ya Kompyuta. Nianze na kozi gani ya pembeni ndiyo nisiachwe nyuma?" Kuna mmoja alinipa mpango wake wote: digrii mchana, CPA jioni, kozi ya usalama wa mtandao usiku, na wikendi anaandikia Wamarekani insha zao apate pesa ya bando. Yote semesta ya kwanza. Laptopu hana, hajawahi kuwa nayo.

Jibu langu najua halitawafurahisha. Usianze na chochote. Semesta ya kwanza fanya zile yuniti ulizopewa, lala, amka, rudia. Hiyo ya pembeni itakungoja.

Na kabla mtu hajaniletea ile ya "si wewe uliacha chuo": ndiyo, niliacha mwaka wa pili, stori mnaijua, leo si siku yake. Niliyoyaona hosteli niliyaona, na ninaongea na makomredi kila wiki.

Tatizo linaanza hivi. Unaingia YouTube kutafuta ushauri, unakuta mwanafunzi wa Marekani anajadili achukue kozi ngapi muhula huu. Kule mtu akiwa na krediti 12 anahesabiwa mwanafunzi wa muda wote, na anayetaka kumaliza kwa miaka minne anachukua kama 15, yaani kozi 5 hivi. Akiona hisabati na programu zitamlemea zikija pamoja, moja anaisukuma mbele. Hapa Kenya pia USIU pale Nairobi wanafuata mfumo wa aina hiyo. Lakini wewe umepelekwa chuo cha umma. Unafika unakuta ratiba imebandikwa: yuniti 6, mara nyingi 7, kuna mahali 8, darasa zima sawasawa. Hakuna aliyekuuliza unaweza ngapi.

Kwa hivyo ule ushauri wa "chagua mzigo unaouweza" unaonekana ni wa watu wengine. Mimi nasema hapana. Yuniti huchagui, lakini kila kitu kingine kinachozizunguka unakichagua wewe, na hapo ndipo watu wengi wanazamia.

Tupige hesabu kidogo, si umeitwa kompyuta. Chukua yuniti 7, kila moja masaa 3 ya darasa kwa wiki. Hayo ni 21. Kanuni ya zamani ya vyuo inasema kila saa ya darasa inataka kama masaa 2 ya kusoma mwenyewe. Hayo ni 42. Jumla 63. Wiki ina masaa 168, toa 56 ya kulala, toa hizo 63, unabaki na 49. Unaona mengi, eh? Sasa toa kupika, kufua, kutembea kutoka ile rumu ya nje ya kampasi uliyokodi kwa sababu hosteli zilijaa, kupanga foleni ya kusajiliwa, msikiti au kanisa, na kumpigia mama simu. Ukitoa masaa 3 kwa siku kwa hayo, unabaki na 28. Manne kwa siku, na hapo hujaumwa, hujatapeliwa, mwenzako wa rumu hajaleta spika. Kozi ya pembeni inayotaka masaa 20 kwa wiki inatoka wapi? Inatoka kwa usingizi, halafu usingizi ukiisha inaanza kula programu.

Mnajua hakuna anayesoma 42. Sawa. Lakini hizo yuniti hazina uzito mmoja, na hili barua ya kuitwa chuo haikuambii. Stadi za Mawasiliano, ile ya Ukimwi, utangulizi wa kompyuta ambapo unafundishwa kibodi ni nini, hizo zina soma-soma yake, ukihudhuria na kufanya CAT unapita. Usizidharau tu, maana nimeona mtu akipata sapu ya Ukimwi, na hakuna namna nzuri ya kumwambia mama yako sentensi hiyo kwa simu. Zinazoamua kama utamaliza hii digrii mwaka wa kwanza ni mbili: programu na hisabati. Hisabati ikija kwa jina la kalkulasi au ile ya mantiki na seti, ni moto ule ule.

Programu ina ubaya wake wa kipekee. Historia ukikosa wiki ya tatu, wiki ya nne bado unaelewa. Programu ukikosa wiki ile ya kufundishwa jinsi ya kurudia amri mara mia kwa mistari miwili, wiki inayofuata mhadhiri anaitumia kama vile ulizaliwa nayo. Ukikosa na hiyo, darasa linageuka redio ya lugha usiyoijua. Hapo ndipo ChatGPT inaingia. Asainmenti inafanyika, alama zinakuja, unajiona uko sawa. Halafu mtihani unaletwa kwa karatasi na kalamu. Ndiyo, vyuo vingi bado unaandika programu kwa mkono, unahesabu mabano kwa kidole. Kwa mfumo wa kawaida CAT zina alama 30 na mtihani 70. Zile 30 ulizobebwa nazo hazifiki 40 za kupita.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu ninamwandikia hasa mtu wa huku.

Kijana aliyesoma shule yenye maabara ya kompyuta, baba ana laptopu ya zamani sebuleni, amechezea programu tangu darasa la saba, anaingia chuo akiwa na yuniti 7. Wewe wa Kulesa unaingia na yuniti 7, halafu una zingine ambazo haziko kwa ratiba. Kujifunza kuchapa kwa vidole zaidi ya viwili. Kujua faili umeihifadhi wapi. Kufanya zoezi kwa simu na Pydroid huku herufi ni ndogo kama mchele, au kungoja mwenzako amalize sinema akuazime mashine. Umefika wiki ya tatu kwa sababu ada ilichelewa, au mkopo wa HELB haujaingia na mwenye nyumba anagonga. Na mwisho wa 2023, ile El Nino, barabara ya Garsen kwenda Lamu ikakatwa na maji na familia nyingi za Tana Delta zikahamia sehemu za juu. Novemba na Desemba ni miezi gani kwa mwanafunzi? Ni ya mitihani. Kuna watu walikuwa wanasoma kalkulasi na simu mkononi wakiuliza mbuzi wamevushwa au la.

Huo ni mzigo. Haujaandikwa popote lakini uko ndani ya masaa yale yale 168.

Anayevusha watu Tana hapakii mtumbwi kwa kuangalia tu nafasi iliyobaki. Anaangalia maji. Mtumbwi ule ule, kiangazi anapakia watu, baiskeli na magunia ya maembe, mto ukijaa anapunguza, na hakuna anayemwita mwoga. Wewe semesta ya kwanza mto wako umejaa. Usiniletee stori za msee wa Nairobi aliyefanya kozi tatu pamoja. Yeye alikuwa anavuka kiangazi.

Najua mtasema soko halingoji. Digrii peke yake siku hizi haitoshi, kampuni zinataka uonyeshe ulichotengeneza, AI inakuja. Hiyo ni kweli, sibishani nayo. Ninachobishania ni tarehe. CS50 ya Harvard iko mtandaoni bure, iko leo na mwaka ujao itakuwepo. Kozi za programu za miezi michache zinafungua madarasa mapya kila mara. Lakini yuniti ya programu ya mwaka wa kwanza inapita mara moja, na ukiianguka unaibeba kama sapu, na vyuo vingi hata ukiipasi sapu unapewa 40 tu hata kama uliandika za 80. Ukiianguka tena unairudia huku wenzako wako mbele, na yuniti za mwaka wa pili zilizojengwa juu yake zinakungoja mlangoni. Umeharakia soko ukachelewa chuo, na soko lenyewe hujalifikia.

Kuna mtu mmoja nitamwacha apite. Kama tayari unaandika programu, kweli kweli, umeshatengeneza kitu kikafanya kazi bila kunakili, basi yuniti ile ya kwanza kwako ni mapumziko na nafasi unayo. Ongeza kitu. Moja. Lakini jiulize ukiwa peke yako, si mbele ya marafiki.

Na hustle? Hapa siwezi kukuhubiria, maana wengine si hustle ya fasheni, ni chakula. Kama bila kuuza kitu hauli, uza. Ila ihesabu kama yuniti ya nane na upunguze kwingine: klabu, siasa za makomredi, safari za wikendi. Kuandika insha za watu wa ng'ambo sikushauri kwa sababu mbili. Ni udanganyifu, na kazi yenyewe inakuja usiku, ile saa ubongo wako ungekuwa unapanga ulichofunzwa mchana.

Sasa wewe ambaye hata hizo 7 unaona hazibebeki. Unasikia aibu kwa sababu Kulesa nzima walikuchangia, wazee wakaombea, na ulipopanda gari Minjila watu walikuja kukuaga. Nisikilize. Kuna milango halali na watu hawaisemi. Vyuo karibu vyote vina utaratibu wa kuahirisha masomo, makomredi wanaita kudifa. Unaandika barua ukiwa na sababu, afya, ada, msiba, mafuriko, na unaiandika mapema, kabla mitihani haijafika, upate jibu la maandishi. Kudifa hakukufukuzi. Kupotea kimya kimya ndiko kunakufukuza. Wiki za mwanzo pia kuna nafasi ya kubadilisha kozi ndani ya chuo, na KUCCPS huwa wanafungua dirisha la kuhama chuo, kwa hiyo kama Pwani pale Kilifi ina kozi yako na ungeweza kuishi kwa gharama ndogo karibu na nyumbani, angalia hilo kabla ya kuzama Nairobi.

Na kuna diploma. Hili ndilo linaloniudhi zaidi, jinsi tunavyoidharau. Mtu anaenda Mombasa, Kenya Coast National Polytechnic, anafanya diploma ya teknolojia ya habari, anagusa mashine kila siku, na baadaye akitaka digrii anaiendea akiwa anajua anachofanya. Kuna pia Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilipewa hati yake Agosti 2023, masomo ni ya mtandaoni. Hicho nasema kwa tahadhari kwa watu wa kwetu, kwa sababu kinataka mtandao unaoaminika, na ukiwa Delta unajua mtandao wetu mvua ikinyesha.

Kwa hivyo ukinitumia meseji Septemba ukiuliza uongeze nini, nitakuuliza mambo matatu tu. Umehudhuria programu wiki zote? Unaweza kuandika zoezi la wiki iliyopita kwa kalamu, simu ikiwa kitandani? Unalala? Ukijibu ndiyo zote, bado nitakwambia ngoja matokeo ya semesta ya kwanza yatoke. Yakitoka na programu imepita vizuri, si kwa 41 ya kusukumwa, hapo tufungue CS50 pamoja, wiki ile ya kwanza wanaanza na Scratch, vipande vya rangi unaburuta tu, na hata kwa kompyuta ya maabara inafanya kazi.