Fundi anayeuzia kampuni anadaiwa VAT kabla ya kulipwa

Mswada wa Fedha wa Kenya wa 2024 ulipoondolewa baada ya maandamano ya Juni, uliondoka na pendekezo ambalo wachache walililia: kupandisha kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili kwa Ushuru wa Ziada ya Thamani, yaani VAT, kutoka Sh5 milioni kwa mwaka hadi Sh8 milioni. Kiwango cha Sh5 milioni ndicho kilichomo katika Sheria ya VAT ya 2013, na bei za bidhaa zimepanda sana tangu wakati huo. Leo karakana inayouza bidhaa za Sh14,000 kwa siku, mwaka mzima, tayari imekivuka.

Pendekezo hilo lingemfaa mwenye saluni au duka la mtaani. Wateja wake ni watu wa kawaida, wasioweza kudai VAT kutoka kwa yeyote. Akiongeza VAT ya asilimia 16 wanahamia kwa jirani. Asipoongeza, ushuru unatoka kwenye faida yake.

Anayeuzia kampuni ana hesabu tofauti.

Chukua mfano wa seremala anayetengeneza meza za ofisi. Ananunua mbao, rangi na skrubu za Sh300,000, na juu yake VAT ya Sh48,000. Ikiwa hajasajiliwa, Sh48,000 hizo ni hasara yake. Akiiuzia kampuni meza hizo kwa Sh500,000, anabaki na Sh152,000 kabla ya kuwalipa vibarua. Akiwa amesajiliwa, anaandika ankara ya Sh500,000 na VAT ya Sh80,000. Anakata Sh48,000 alizolipa dukani, anapeleka Sh32,000 kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA), na anabaki na Sh200,000. Kampuni nayo, ikiwa imesajiliwa, inadai Sh80,000 zake, kwa hivyo meza zinaigharimu Sh500,000 zilezile.

Ndiyo maana sheria inamruhusu hata aliye chini ya Sh5 milioni kujisajili kwa hiari. Lakini kabla ya kukimbilia fomu, afadhali auangalie mnunuzi wake. Benki, hospitali na shule hutoa huduma ambazo kwa sehemu kubwa zimesamehewa VAT, hivyo haziwezi kudai ushuru zinaotozwa kwa ajili ya huduma hizo. Kwao, seremala aliyesajiliwa ni ghali kwa asilimia 16.

Kwa mwenye wateja wanaofaa, basi, tatizo si kusajiliwa. Tatizo ni tarehe. VAT ya Kenya huanza kudaiwa bidhaa zinapotolewa, ankara inapoandikwa au malipo yanapopokelewa, lolote litakalotangulia. Meza zikipelekwa Machi, Sh32,000 zinatakiwa kufikia Aprili 20, hata kama kampuni italipa Juni. Kuchelewa kuwasilisha ripoti ni faini ya Sh10,000 au asilimia tano ya ushuru, kutegemea ipi ni kubwa. Kuchelewa kulipa kuna adhabu yake, na riba ya asilimia moja kila mwezi. Seremala anakopa ili alipe ushuru wa fedha ambazo hajaziona, huku mnunuzi akiwa na ankara mkononi inayomruhusu kudai Sh80,000 ambazo bado hajazilipa.

Hapo sheria imemgeuza mdogo kuwa mkopeshaji wa serikali na wa kampuni kubwa kwa wakati mmoja. Si lazima iwe hivyo. Uganda huruhusu wafanyabiashara wadogo kuhesabu VAT pale fedha zinapoingia. Uingereza inafanya hivyo kwa biashara zenye mauzo yasiyozidi pauni milioni 1.35. Serikali haipotezi chochote ikiwa mnunuzi naye atasubiri kudai hadi atakapolipa.

Wizara ya Fedha inapoandaa mswada ujao, isiishie kubishana kuhusu Sh5 milioni au Sh8 milioni. Iweke kifungu kinachowaruhusu waliosajiliwa wenye mauzo madogo kulipa VAT mwezi unaofuata malipo, na wabunge wasiupitishe mswada bila kifungu hicho. Wakati huo ukisubiriwa, anayeuzia kampuni aandike muda wa malipo kwenye mkataba kabla ya kupakia bidhaa, na ahakikishe kwamba VAT, angalau hiyo, inalipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata.