Masika Yasimgeuze Mbwa Kuwa Mfungwa

Masika yanapowadia katika Milima ya Usambara, kuanzia Machi hadi Mei, njia za Lushoto, Soni na Mlalo huteleza, ukungu hufunika mabonde, na kila kiumbe hutafuta paa. Watu husogea jikoni kuota moto. Mbwa wa ulinzi, aliyezoea kumfuata mwenyewe shambani, hufungwa kamba kwenye nguzo ya banda na huenda akakaa hapo siku nyingi. Hoja ya makala haya ni kwamba kumfanyisha mbwa huyo mazoezi chini ya paa si anasa ya watu wa mijini. Ni sehemu ya kinga ya afya ya familia, na sisi wahudumu wa afya tunapaswa kuizungumza.

Mbwa ameumbwa kutembea na kunusa. Akinyimwa vyote viwili hubweka ovyo, hutafuna kila kitu na hushtuka upesi. Kamba nayo humwondolea nafasi ya kukimbia anapoogopa, hivyo hubakiwa na meno tu. Anayemsogelea mara nyingi ni mtoto, ambaye naye mvua imemfungia nyumbani. Kwa kimo chake, uso wa mtoto huwa karibu na kinywa cha mbwa. Jeraha la kichwani au shingoni likitokana na mbwa mwenye kichaa ni la hatari zaidi, kwa kuwa virusi husafiri kupitia mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, na safari hiyo huwa fupi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na takriban 4 kati ya kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Kuna pingamizi linalostahili heshima. Kaya nyingi za Lushoto ni za Waislamu, ambao huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na nyingine hazimwingizi mbwa nyumbani kwa desturi tu. Aidha, wilaya hii inaikumbuka tauni: kati ya 1980 na 2004 iliripoti wagonjwa zaidi ya 7,000. Tauni huenezwa na viroboto wa panya, na mbwa anaweza kuwabeba viroboto hao hadi wanapolala watu. Kwa hiyo sisemi mbwa alale sebuleni. Ninaposema ndani, nina maana ya mahali popote penye paa: baraza la uani, ghala tupu, au banda lililofagiliwa.

Hapo, robo saa asubuhi na robo saa jioni huleta tofauti kubwa. Badala ya kummwagia chakula chote bakulini, kigawe vipande vidogo, uvifiche chini ya makopo na nyuma ya magunia, kisha umwache avitafute kwa pua. Kunusa kwa bidii humchosha mbwa kuliko wengi wanavyodhani. Mfundishe kuketi, kungoja na kuja anapoitwa, na kila anapotii mpe dagaa mmoja. Mchezo wa kuvutana kwa kitambaa kikuukuu kilichosukwa unafaa pia, mradi mtu mzima ndiye anayeuongoza na mbwa amefundishwa kuachia. Sakafu ya saruji ikiwa laini, tandika magunia asiteleze na kuumia viungo. Usimpe gunzi la mahindi alichezee, kwani akilimeza huweza kumziba utumbo. Usimchezeshe karibu na jiko la mkaa. Mtoto mdogo asiachwe peke yake naye, hata kama mbwa ni mpole. Mvua ikipumzika, mtoe kwa kamba atembee kidogo.

Lakini mazoezi hayachukui nafasi ya chanjo. Mbwa achanjwe dhidi ya kichaa kwa ratiba ya afisa mifugo, na atibiwe viroboto. Mbwa aliyebadilika ghafla tabia, anayeuma bila kuchokozwa, anayetokwa na mate mengi au anayeshindwa kumeza, huyo hana uchovu wa kufungwa. Msimguse, watoto wakae mbali, na afisa mifugo aarifiwe mara moja.

Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Asisubiri kuona kama mbwa atakufa, wala asipake dawa za kubahatisha. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki. Chanjo inayotolewa mapema huzuia. Chanjo hiyo huhitaji kurudi kituoni zaidi ya mara moja, na kila safari ina nauli yake na siku ya kazi inayopotea. Mama anayeshuka mlima kwenye tope akiwa na mtoto mgongoni anajua uzito wa safari hizo. Kumchezesha mbwa kwa nusu saa kila siku ni gharama ndogo sana kando yake.

Kwa wahudumu wenzangu ninapendekeza maswali matatu kliniki ya watoto wakati wa masika: Je, nyumbani kuna mbwa? Mvua ikinyesha anakaa wapi na anafanya nini? Amechanjwa lini? Maswali haya hayahitaji kipimo wala dawa, na majibu yake yatatuonyesha ni nyumba ipi inahitaji ushauri kabla mtoto hajaletwa kwetu na jeraha.