Elimu ya Uraia si Karipio

Kila uchaguzi unapokaribia hapa Uganda, sisi vijana huitwa kwenye semina za uraia. Tunaambiwa tusieneze uvumi, tusitukane viongozi, tutumie simu vizuri. Kisha tunapewa soda, tunarudi nyumbani. Hiyo si elimu ya uraia, ni karipio.

Ibara ya 4 ya Katiba ya mwaka 1995 inaiagiza Serikali kuitafsiri Katiba katika lugha za Uganda, kuisambaza, na kuhakikisha kuwa inafundishwa katika taasisi zote za elimu. Mimi nilisoma miaka 13 kabla ya kuingia chuoni, wala hatukuwahi kuifungua darasani.

Waliopaswa kutufundisha wamekuwa wepesi wa kutoza na kufunga. Mwaka 2018 ilikuja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima. Ni mwalimu gani huzima taa za darasa siku ya mtihani?

Wapo watakaosema kuwa vijana wa leo hawasomi, wanapenda dansi za TikTok tu. Na watazame Kenya mwaka 2024. Vijana waliuchukua Mswada wa Fedha, wakaufafanua kwa video fupi na kwa lugha mbalimbali, hadi watu wakawa wanabishana kuhusu vifungu vyake. Tarehe 26 Juni, baada ya maandamano yaliyogharimu maisha ya watu, Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia saini.

Ni kweli, simu hubeba uongo pia. Lakini dawa ya uongo ni kumpa kijana hati halisi aisome. Ibara ya 41 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Mpango wa Maendeleo ya Parishi unaitengea kila parishi shilingi milioni 100 kwa mwaka. Mfundisheni kijana kuandika barua ya kuuliza za parishi yake zimemfikia nani. Hapo atakuwa amejifunza uraia.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tusijitoe. Tangu marekebisho ya 2005, Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Tufafanue ibara moja kila wiki kwa Kiswahili chepesi, tuirekodi, tuitume kwenye makundi ya WhatsApp. Nanyi wahadhiri wetu, tupeni kazi hiyo iwe zoezi letu la tafsiri. Angalau itakuwa na wasomaji.